Mlango wa Fundi Ngwali

Palikuwa na sultani aliyependa uzuri kuliko alivyowapenda watu. Aliitwa Shaweji. Siku moja akafikiwa na mgeni, mjuzi wa hesabu aitwaye Zubeiri, mtu wa kilemba kikubwa na maneno makubwa zaidi. Zubeiri akanyoosha uzi mbele ya kiti cha enzi, akaukata mara moja tu, si katikati.

"Maulana, tazama. Uzi mdogo kwa uzi mkubwa, ni kama uzi mkubwa kwa uzi wote. Hicho ndicho kipimo cha uzuri. Jengo lisilokifuata ni uchafu wa macho."

Sultani akapendezwa mno. Kesho yake mbiu ikalia mjini: kila mlango upimwe! Upana ndio uzi mdogo, urefu ndio uzi mkubwa. Mlango usiotimiza kipimo, nyumba nzima chini!

Lo! Watu wakashika vichwa. Wapo waliochimba chini ya vizingiti ili milango irefuke, kuku wao wakawa wanatumbukia na kuvunjika miguu.

Sasa, katika mji huo aliishi Fundi Ngwali, mwashi, maskini wa Mungu mwenye ulimi mkali kuliko mwiko wake. Nusu ya nyumba za mji alizijenga yeye, naye mwenyewe alikaa katika kijumba cha vyumba viwili. Lakini mlango wake ulikuwa mpana ajabu: upana shibiri sita, urefu shibiri nane. Zubeiri alipoupima, akacheka hadi kilemba kikamwendea upande.

"Huu mlango, au mdomo wa kiboko?" Akaupaka alama nyekundu.

Ndani alilala Bi Mize, mama yake Ngwali, aliyepooza miguu mwaka wa nane sasa. Kila asubuhi Ngwali na jirani yake walimtoa nje na kitanda chake, aote jua na kutaniana na wapita njia. Aliposikia habari ya alama nyekundu, akasema, "Haya mwanangu, wakibomoa paa jua nitaliota humu humu."

Ijumaa, watu walipotoka kuswali, Ngwali akaenda moja kwa moja hadi mbele ya jumba la Sultani. Wenye alama nyekundu wakamfuata, na wenye alama nyekundu walikuwa karibu mji mzima. Sultani akatoka kuketi barazani, Zubeiri ubavuni pake.

"Umekuja kuomba msamaha?" akauliza Sultani.

"Nimekuja kuomba elimu, Maulana. Mlango wangu una kosa gani?"

"Mpana mno!" akadakia Zubeiri. "Kwa urefu wa shibiri nane, upana ni shibiri tano."

"Kitanda cha mama kina upana wa shibiri tano na nusu. Nimkate mama, au nikate kitanda?"

Watu wakaguna. Sultani akakunja uso. "Uzuri haupimwi kwa kitanda, fundi. Uzuri una namba yake."

"Ndiyo namba hiyo niliyoijia. Ni ngapi, Bwana Zubeiri?"

"Moja na nusu, na kidogo juu yake."

"Hicho kidogo ni kiasi gani?"

Zubeiri akakohoa. "Kwa kweli... hakina mwisho. Kila ukikihesabu, kinaendelea."

"Alaa! Kwa hiyo sisi tunabomolewa nyumba kwa kutoifikia namba ambayo wewe mwenyewe hujaimaliza?"

Kicheko kikapasuka uwanjani. Sultani akapiga mkono wa kiti. "Si lazima iwe barabara! Ikikaribia, inatosha!"

"Ikikaribia kwa kiasi gani, Maulana?"

"Kidole kimoja."

"Kidole cha nani?"

"Changu!"

Ngwali akavitazama vidole vya Sultani, vinene kama mihogo. "Alhamdulillahi. Hapo wengi tumepona."

Watu wakashikana mbavu. Sultani akawa mwekundu. Ngwali hakumpa nafasi ya kuvuta pumzi.

"Basi, Maulana, tufundishe kwa mfano. Mlango huu hapa nyuma yako ndio mkubwa kuliko yote. Upimwe, nasi tujifunze."

Angekataaje, na watu wote wale wanatazama? Zubeiri akaupima. Upana, shibiri nane. Akapanda ngazi kupima urefu. Akashuka, akapanda tena.

"Sema!" akafoka Sultani.

"Ulitakiwa uwe na shibiri kumi na tatu, Maulana."

"Na unazo ngapi?"

"Kumi na sita."

Ngwali akainamisha kichwa kwa adabu. "Na mimi ndiye niliyeujenga, Maulana. Nilipendekeza kumi na tatu. Wewe ukasema lazima upite na mwavuli wako umefunguliwa. Nikakuelewa: wewe una mwavuli, mimi nina mama."

Mishipa ya shingo ya Sultani ilisimama kama kamba.

"Nyumba yangu ni nyumba yangu!" akanguruma. "Mimi ndimi mkubwa hapa. Sheria niliiweka kwa ajili ya wadogo! Askari, chukueni nyundo, mkaanze na nyumba ya huyu!"

Askari wakashika nyundo. Ngwali akamkumbuka mama yake kitandani, kisha akapisha njia na kunyoosha mkono kama anayemkaribisha mgeni.

"Sawa, Maulana. Kipimo ni kipimo: mdogo kwa mkubwa, kama mkubwa kwa wote. Mdogo ni mimi. Mkubwa ni wewe. Nivunjie," akasema, huku akiugeukia ule uwanja uliojaa watu, "halafu uwasubiri hawa wote waje wakamilishe hesabu."