Mlango Uliotangulia Nyumba

Hebu niambie, wewe unayesoma: umewahi kumwona mtu aliyekaa na mlango miaka ishirini na sita, nyumba hana? Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Maana yake, usilihukumu jambo kwa nje yake kabla hujaliona undani. Mama mmoja mshonaji aliijua methali hii tangu utotoni, lakini kujua si kuonja.

Mumewe alikuwa seremala, na mtaa mzima ulimwita Fundi Taratibu, kwa kuwa alipiga msasa ubao mpaka nzi akateleza. Walipooana walipanga chumba kimoja nyuma ya ghala, dirisha lake likitazamana na ukuta. Mshonaji aliiweka cherehani yake karibu na korido ili alione tundu la sindano, na kila mpangaji aliyepita alimzibia mwanga. Jioni moja Fundi aliingia na mlango begani, wa mbao ngumu, mpana, umenakshiwa maua pembe zote nne.

"Na nyumba iko wapi, mume wangu?"

"Inakuja. Huu umetangulia kuishikia nafasi. Nimeufanya mpana ili kitanda kipite bila kung'olewa miguu. Mlango nimechagua mimi. Dirisha chagua wewe. Unalitaka wapi?"

"Tupate ukuta kwanza, ndipo tuutoboe!" mkewe alicheka.

Kila mwaka Fundi aliuliza, na kila mwaka alijibiwa kwa kicheko kile kile. Kisha akatangulia mbele ya haki. Mlango ukabaki umeegemea ukuta nyuma ya kitanda, na mjane akawa anaupaka mafuta kila mwezi kama apakwavyo mtoto mchanga.

La kuja halina ngoja. Jiji likatangaza kwamba litalipia theluthi ya bei kwa kila anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza. Binti yake, muuguzi, akajaza fomu kwa majina yao wawili, na wakapata: nyumba namba kumi na nne. Sharti lilikuwa moja. Asiyepokea ufunguo kabla ya saa kumi alasiri siku ya Ijumaa, nafasi yake inakwenda kwa anayefuata.

Walifika Ijumaa hiyo saa tisa, wakamkuta afisa wa jiji mlangoni na ufunguo mkononi. Hata salamu hazijapoa, mama alivuta futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni, akaipima fremu ya mlango. Akapima tena. Uso ukamsawijika, akamgeukia binti.

"Mlango wa baba yako umezidi vidole vinne. Afisa, mwanangu, fremu hii inaweza kutanuliwa?"

"Hapana, mama. Kanuni ya ruzuku inasema miaka mitano hugusi ukuta."

"Basi sichukui."

"Mama!" binti aling'aka. "Ndiyo nini sasa, kupima shati kwa kifungo? Hata ndani hujakanyaga!"

"Niutupe wa baba yako, niingilie huu? Huu nikipiga chafya unafunguka wenyewe."

Afisa aliuma midomo asicheke, akatazama saa. "Anayekataa hutia sahihi, mama. Ila sina meza hapa nje. Twende kwenye ile ya jikoni."

Basi akaingia ili akatae. Hatua ya tatu akasimama. Upande wa kushoto, dirisha pana lilimwaga jua sakafuni mpaka kwenye vidole vya miguu yake. Pole pole alichomoa sindano aliyoichomeka kwenye ukosi wa gauni, akainyanyua, akapitisha uzi. Ulipita mara moja, bila miwani, na hakuna mpita njia aliyemzibia.

Afisa alinyoosha kalamu. "Nilete fomu ya kukataa?"

"Lete ya kupokea. Na ule mlango, mwanangu, tutauwekea miguu minne uwe meza yangu ya kukatia vitambaa. Baba yako hakutengeneza kitu cha kuegemea ukuta milele."

Kweli nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Baada ya sahihi, mjane aliishika kingo ya dirisha kwa mikono miwili, akajibu swali la miaka yote, kana kwamba mwulizaji amesimama nyuma yake:

"Hapa, Fundi. Nilikuwa nalitaka hapa, kushoto kwangu."