Nusu Hatua ya Mwalimu Shekiondo

"Mwalimu huzikwa, hatua yake haizikwi." Mmeisikia leo kwa Mwanahawa akimkemea mwenzake, mkaniuliza imetoka wapi. Imetoka humu humu, katika ghala hili la mkonge, na ilianza hivi.

Mwalimu Shekiondo alitufundisha karate hapa Muheza baada ya kazi ya korona, ile mashine ya kuchakata mkonge. Mapigano alitupa kidogo. Kata ndiyo tuliyoshiba: ule mpangilio wa hatua, vizuizi na mapigo unaoucheza peke yako, kana kwamba maadui wamekuzunguka. Siku moja nilichoka nikamwuliza, "Mwalimu, tutapigana na hewa mpaka lini?"

"Mpaka hewa ianze kukuogopa, Semeni. Rudia."

Tukarudia. Kwenye mgeuko wa tatu alikuwa akivuta mguu wa kushoto nusu hatua, anatua, ndipo anageuka. Goti lake liliumia zamani, alipoanguka kutoka kwenye troli la mkonge. Sisi hatukujua. Tulidhani ndivyo kata ilivyo, na wote kumi na wawili tukaivuta ile nusu hatua kama yeye.

Mkewe, Bi Mwanakombo, alikuja kila Jumamosi na chupa ya chai ya tangawizi, akakaa pale kizingitini. Masika moja mwalimu akafariki. Baada ya arobaini Bi Mwanakombo akarudi na chupa yake. Hatukumwuliza kwa nini. Tulimimina chai, tukanywa.

Wakati wa mtihani wa mkanda mweusi ukafika. Mtahini kutoka Dar es Salaam akanisimamisha katikati. "Hiyo nusu hatua umeitoa wapi?"

"Kwa mwalimu wangu."

"Mwalimu wako alikuwa anachechemea, dada. Wewe goti lako zima. Nenda kaiondoe, urudi baada ya miezi sita."

Nikaiondoa. Niliirudia kata ile asubuhi na jioni mpaka mguu ukasahau. Mkanda nikaupata. Nikawanyoosha na wenzangu, na Jumamosi moja tukaicheza kata safi, kumi na wawili kwa pamoja, mimi mbele, kifua wazi kwa fahari.

Kwenye mgeuko wa tatu Bi Mwanakombo aliweka kikombe chini. Tulipomaliza, hayupo. Chupa aliiacha.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Nikaichukua chupa, nikaenda kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeniletea chupa yangu."

"Mbona huji tena?"

"Nije kumwona nani?"

Nikamkabidhi chupa. Akaifuta chupa kwa upande wa khanga, polepole, ingawa ilikuwa safi.

"Nilikuwa namwona pale, mwanangu, mnapogeuka mara ya tatu. Kumi na wawili nyie, na wote ni yeye. Wiki nzima nilikuwa naisubiri ile nusu hatua. Sasa mmenyooka. Mmependeza, sikatai. Lakini hayupo."

Nikavua viatu pale pale uani, nikaanza kata nimrudishie mumewe. Nilipofika kwenye mgeuko, mguu ukapita moja kwa moja. Nikajaribu tena, nikachechemea kwa makusudi. Bi Mwanakombo akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Huyo si Shekiondo! Huyo kakanyaga mwiba!"

Kisha akajifunga khanga kiunoni, akasimama. Mama ambaye hakuwahi kufunga mkanda hata mmoja akaanza kata tangu mwanzo, bila kukosea mkono. Kwenye mgeuko wa tatu akanong'ona, "Kwanza anavuta pumzi. Halafu mguu."

Akauvuta. Akatua. Wallahi, nilimwona mwalimu wangu amesimama katika ua ule. Nikalia kama siku tuliyomzika.

"Nyamaza," akaniambia. "Mwalimu huzikwa, hatua yake haizikwi. Haya, rudia."

Nilirudia mpaka kuku wakaingia bandani.

Ndiyo maana sisi kila Jumamosi tunaicheza kata ile mara mbili. Ya kwanza imenyooka, ni ya mtahini. Ya pili tunaicheza tukielekea mlangoni, tena taratibu. Bi Mwanakombo naye tumeshamzika, na kizingiti mnakiona, hakina mtu. Lakini Mwanahawa, aliyezaliwa wote wawili wakiwa wameshaondoka, leo amemkemea mwenzake kwa sababu amesahau kuvuta pumzi kabla ya mguu.

Mwalimu huzikwa, hatua yake haizikwi. Haya, simameni. Elekeeni mlangoni.