Kivuli cha Mkurugenzi na Milango Minne ya Bi Pimbi

Kumb. Na. KVL/1. Yah: Jua Kupenya Makutini na Kulifikia Sikio la Kushoto la Mkurugenzi Mkuu Nyakati za Alasiri, na Hatua za Kupunguza Matumizi Zinazofuatia.

Hicho ndicho kichwa cha barua yenyewe, sikukiongezea neno. Haya, tugonge kwanza.

Ko ko ko!

— Nani?

Msimulizi.

— Umebeba nini?

Ngano.

— Mlango uko wazi, iingize.

Basi, enzi hizo wanyama walipokuwa na ofisi, Kiboko alimiliki ziwa la magadi na maduka matatu ya chumvi. Duka la Mtoni lilishikwa na Kenge. Duka la Kichakani lilishikwa na Ngiri. Duka la Jiweni, juu kabisa ya kilima, lilishikwa na Bi Pimbi, mnyama mdogo wa manyoya ya kahawia, asiye na pembe, asiye na mkia wa maana, mama wa watoto wanne.

Kwa Bi Pimbi duka ndilo lilikuwa nyumba. Lilikuwa ndani ya mwamba uliopasuka pande nne, na kila ufa ulikuwa mlango. Milango hiyo hakuiweka kwa fahari. Juu ya kilima kile huzunguka Tai, na Tai hula pimbi. Pimbi mwenye mlango mmoja ni chakula kilichohifadhiwa vizuri.

Wateja walilipa kwa vikapu vya mtama. Kila siku ya gulio, ukishatoa gharama ya kukwangua chumvi, kuibeba na kumlisha mwenye duka, Mtoni walibakiza vikapu vinne, Kichakani vitano, na Jiweni vitano. Jumla kumi na vinne, vyote vikashuka kwenda Makao Makuu.

Makao Makuu hayakuuza kitu. Makao Makuu yalikaa. Palikuwa na banda la makuti kando ya dimbwi, palikuwa na Yangeyange wa kumpepea Kiboko mabega, na palikuwa na chai ya wageni, ambayo kwa kuwa wageni hawakuja, Mkurugenzi alilazimika kuinywa mwenyewe isije ikaharibika. Yote hayo kwa pamoja yaliitwa Kivuli. Jua lilipopenya likalifikia lile sikio, makuti yakaongezwa, na Kivuli kikafika vikapu kumi na viwili kila gulio. Kiboko akabaki na viwili vya kutafuna. Kwa tumbo lile, vikapu viwili ni kupiga miayo tu.

Akamwita karani wake, Korongo, akamwambia atafute nani anayemla.

Korongo alikuwa msomi. Alisimama kwa mguu mmoja siku tatu, akaibuka na njia ya kisasa ya kugawa Kivuli: kila duka litachangia kwa idadi ya milango yake. Mtoni mlango mmoja, Kichakani mlango mmoja, Jiweni minne. Milango sita, vikapu viwili kila mlango. Kwa hiyo Jiweni, iliyoleta vitano, ikaandikiwa kuchangia vinane. Hasara, vikapu vitatu. Korongo akaipigia mstari mwekundu.

Akafunga safari. Akapanda, kwanyu kwanyu kwanyu, akapanda, kwanyu kwanyu kwanyu, akafika Jiweni, akasimama kwa mguu mmoja, akasoma barua yote kuanzia lile sikio la kushoto hadi mstari wa mwisho, uliosema kwamba duka lolote linalokula kuliko linavyoleta lifungwe, na milango yake izibwe kwa udongo.

Bi Pimbi alisikiliza huku akiutazama mlango wake wa kaskazini, ambao mtoto wake wa mwisho alikuwa amelala kwenye kizingiti chake. Hakulia. Aliuliza.

"Nikifunga, Karani, Kivuli nacho kitafungwa?"

"Kivuli hakifungwi, Bi Pimbi."

"Kitapungua?"

"Hakipungui."

"Hata kuti moja?"

"Hata kuti moja."

"Sasa vile vinane vyangu atavibeba nani?"

Korongo akaifungua barua tena, akatafuta juu, akatafuta chini, kata kata kata, mdomo ukigongana. "Hilo halimo kwenye waraka," akasema, akabadili mguu.

Mwingine angepiga magoti. Bi Pimbi alisimama, akajifuta chumvi mikononi, akateremka kilima akamtafute Kiboko mwenyewe. Njiani wenzake walimsihi apunguze makali. Nungunungu, mteja wake wa siku nyingi, alimshauri azibe milango mitatu, abaki na mmoja, hesabu ipone. Bi Pimbi akamjibu kwamba hesabu ingepona, watoto wasingepona, na kwamba yeye hakuwahi kuingia kwenye kile kivuli hata siku moja, hivyo haoni kwa nini akilipie kwa watoto.

Alimkuta Kiboko dimbwini, sikio la kushoto limefunikwa jani la mgomba. Akamwamkia vizuri. Akasema amekuja kuitii barua. Kiboko akashangaa, maana alikuwa amejiandaa kukoroma.

"Ila huko kilimani, Mheshimiwa, kuna midomo," Bi Pimbi akaendelea kwa upole. "Inasema sheria hii imetungwa kwa ajili ya wadogo. Inasema mkubwa akila kuliko anavyoleta, anaongezewa makuti."

Kiboko akavimba. Akasema, hoh hoh hoh, yeye ni mtu wa haki. Akaamuru Korongo aandike upya, pale pale, kwamba chochote chenye mlango, kikubwa kwa kidogo, kikila kuliko kinavyoleta kifungwe siku ya gulio ileile, bila msamaha. Akanyanyua mguu wenye tope akagonga muhuri. Pwaa.

Ikabaki kumpata wa kuziba milango. Fundi angetaka vikapu vitatu. Bi Pimbi akasema kazi za nyufa anazijua, ataziba bure. Neno "bure" lilimwingia Kiboko kwa sikio lile lile lenye matatizo, na kabla jua halijainama Bi Pimbi alikuwa na karai, mwiko, na barua ya uteuzi: Mzibaji Rasmi.

Akapanda. Akaziba duka lake mwenyewe kwanza. Tap tap tap, mlango wa kaskazini. Tap tap tap, wa kusini. Wa mashariki, wa magharibi. Wanyama wa kilimani walisimama wakitazama chumvi yao ikifungiwa ndani, na wengine walimwambia maneno mazito, kwamba afadhali angetukana kidogo kuliko kutii namna hii. Aliwaweka watoto chini ya jabali lililobinuka, mahali penye upande mmoja wazi.

Siku ya tatu Tai alishuka. Vuuu. Akaondoka na manyoya ya mgongo wa yule mdogo, manyoya tu, lakini Bi Pimbi aliusogelea ule udongo ambao bado ulikuwa na unyevu, akauchomeka ukucha. Angeukwangua, ungeachia. Hapo Nungunungu akaja, akageuka akaketi kwenye ule upande ulio wazi, miiba yote nje, shaaa.

"Nimekuwa mlango wako wa tano, dada," akasema. "Karani asinihesabu tu."

Bi Pimbi akautoa ukucha.

Gulio likafika. Vikapu vitano vya Jiweni havikushuka, kwa kuwa Jiweni imefungwa. Kivuli kilibaki kumi na viwili. Milango iliyobaki ilikuwa miwili, kwa hiyo Korongo akaandika sita Mtoni, sita Kichakani. Kenge, aliyeleta vinne, akaonekana anakula hasara ya viwili. Ngiri, aliyeleta vitano, hasara ya kimoja. Mpaka gulio lililopita wote wawili walikuwa wakisifiwa kwa faida.

Kenge alikuwa akifunga duka jioni alipomwona Bi Pimbi anakuja na karai kichwani. Akauliza kuna nini. Bi Pimbi akamwambia amekula kuliko alivyoleta.

"Mimi? Nimeuza kama siku zote, dada."

"Umeuza kama siku zote. Mimi pia niliuza kama siku zote. Sogea kidogo nipate kona."

Tap tap tap. Mtoni kimya. Akaenda Kichakani. Ngiri alipayuka sana, akataja ukoo wake na vyeo vya wajomba zake. Bi Pimbi akamwonyesha muhuri wa tope. Tap tap tap. Kichakani kimya.

Gulio lililofuata hakikushuka kikapu hata kimoja. Yangeyange walipepea mpaka saa nne, walipouliza posho wakaambiwa mchakato unaendelea, wakaruka zao kwenda kwa ng'ombe, na huko wako mpaka leo. Makuti hayakukarabatiwa. Jua likalipata na sikio la kulia.

Kiboko alikuwa amekaa mlangoni mwa banda, tumbo limenywea kama kiroba kilichomwagwa, aliposikia hatua ndogo. Bi Pimbi alikuwa anakuja na karai kichwani. Nyuma yake walikuja Nungunungu, Kenge, Ngiri, na wanyama wote waliokuwa wamekula mboga bila chumvi magulio mawili. Bi Pimbi akatua karai, akaanza kukanda udongo.

"Unaziba nini?" Kiboko akauliza.

"Karani atusomee."

Korongo akasoma, maana kusoma ndiyo kazi yake. Makao Makuu, mlango mmoja. Yaliyoletwa, hakuna. Yanayoliwa, vikapu kumi na viwili. Hapo sauti ikampungua, lakini mstari mwekundu alikuwa ameshaupiga kwa mazoea.

Kiboko akainuka, ardhi ikasema ndi. Akasema atamkanyaga.

"Kanyaga, Mheshimiwa," Bi Pimbi akasema, mikono imo kwenye udongo, wala hakurudi nyuma hata unyayo. "Lakini vile vikapu vyangu vitano uliviita hasara. Umeokoa hasara hiyo magulio mawili. Umeshiba?"

Kiboko alibaki na mguu hewani. Alikuwa mlafi, hakuwa mjinga, na njaa humsomesha mtu haraka kuliko karani. Akamgeukia Korongo, akauliza polepole kama anayeokota maneno.

"Tulipofunga Jiweni, Kivuli kilipungua?"

"Hakikupungua, Mheshimiwa."

"Hata kuti moja?"

Korongo akabadili mguu. "Hata kuti moja."

"Basi kilichopungua ni nini?"

"Vikapu vitano," Korongo akasema. "Halafu vinne. Halafu vitano."

Kiboko akashusha mguu. Akaamuru maduka yote yafunguliwe leo hii, na la Jiweni lianze. Wanyama wakapumua. Bi Pimbi hakupumua. Akasema kwa masikitiko makubwa kwamba sheria haina msamaha, ameisoma mwenyewe, na yeye ni Mzibaji Rasmi, hawezi kuzibua alichoziba kabla hajamaliza orodha. Orodha imebakiza mlango mmoja. Kisha akamwomba Karani amsaidie hesabu ndogo tu, ya mtu asiye msomi.

"Kivuli kikifungwa, chumvi ziwani itapungua?"

"Haipungui."

"Wateja watapungua?"

Korongo akawatazama wateja, nao wakamtazama. "Hawapungui."

"Na vikapu kumi na viwili vilivyokuwa vinaliwa hapa?"

Kiboko hakusubiri karani. Aliviona. Aliviona vyote kumi na vinne vimepangwa mbele yake, hakuna Yangeyange, hakuna kuti, hakuna mgeni wa kunyweshwa chai. Mate yakamtoka. Akatoka nje ya banda mwenyewe, akaingia dimbwini, bluku bluku bluku, akabakiza pua tu. Kutoka majini akaagiza wazibe, wazibe upesi, na Karani asipoteze muda kupanda vilima, aende zake, kwani huyo naye anakula.

Bi Pimbi akaziba. Tap tap tap. Kisha akapanda kilima, na kabla ya kufungua mlango wowote mwingine akaukwangua ule wa kaskazini, watoto wakaingia mmoja mmoja, yule wa mgongo uliokwanguliwa akitangulia.

Kiboko akasubiri vikapu vyake kumi na vinne. Gulio likafika, vikashuka viwili. Akauliza vingine viko wapi. Akaambiwa maduka yana gharama zake, kuna udongo, kuna mwiko, kuna mlango wa tano unaokula mihogo. Alitaka kutuma mtu akahakiki, akakumbuka kwamba karani hana, na ofisi ya kumtumia imezibwa. Viwili ni vile vile alivyokuwa akipata zamani. Akavila.

Ngano imetoka.

— Mlango tuufunge?

Uacheni wazi, kuna hewa.

— Na funzo?

Funzo lipo. Anayeuza kwa hasara afungiwe upesi, aliye chini asihoji hesabu za aliye juu, na ofisi yenye kivuli kizuri ndiyo uti wa mgongo wa biashara yoyote. Ndivyo Korongo alivyoandika kwenye ripoti ya mwaka, akiwa amesimama kwa mguu mmoja kwenye kina kifupi cha mto, akisubiri atakayemwomba nakala.

Kilichotokea ni hiki: Makao Makuu yalifungwa, na duka la Jiweni lina milango minne.