Safari Iliyopunguzwa

Palikuwa na fundi wa makochi huko Tukuyu, jina lake Ambakisye, mwenye mke na watoto wawili. Mkewe aliitwa Atuganile. Pamoja nao aliishi mama yake Atuganile, Bibi Subilaga, ambaye ndiye aliyewalea watoto wale tangu wakiwa wachanga, baba yao akiwa karakanani na mama yao akiwa sokoni. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona bahari. Siku moja Ambakisye aliweka nyundo chini, akawaambia kwamba wangekwenda wote kupumzika kisiwani, wakae katika nyumba yenye baraza linalotazama maji, na kula samaki waliovuliwa asubuhi hiyo hiyo. Bibi Subilaga alicheka hata akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Ambakisye hakuwa tajiri, na hilo si kosa. Mtu asiye tajiri hupanga. Aliuliza huku na huku, akaambiwa kwamba wakati wa masika wageni huadimika kisiwani, na wenye nyumba hushusha bei. Akachagua masika, na mkewe akamsifu. Lakini kupunguza gharama kuna utamu wake, na Ambakisye alipouonja hakuweza kuuacha. Akagundua kwamba angeweza kupanga nyumba ndogo zaidi, kama tu wangepungua mtu mmoja. Akamwendea Bibi Subilaga, akamweleza kwa upole kwamba safari ni ndefu na magoti yake si mazima. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akasema sawa, akaenda kutoa nguo zake kwenye begi la watoto. Atuganile alikuwa amesimama mlangoni. Aliona, akanyamaza.

Wakasafiri kwa basi hadi pwani. Walipofika bandarini mvua ilikuwa imeanza, na meli ya abiria ilikuwa gatini, watu wakipanda bila haraka. Atuganile akaelekea dirisha la tiketi. Ambakisye akamshika mkono. Ndani ya basi alikuwa ameketi na mtu aliyemwambia kwamba nyuma ya soko la samaki kuna boti inayovusha saruji, na nahodha wake huwapakia watu juu ya mifuko kwa bei chee. Akawaongoza huko, begi begani, akitembea mbele yao.

Boti ile ilikuwa imelemewa, maji yakikaribia ukingo. Baharia mmoja alikuwa akichota maji ndani yake kwa dumu lililokatwa, wala hakuharakisha, kama mtu aliyeizoea kazi hiyo. Atuganile aliuliza yalipo majaketi ya kuokolea. Baharia akaonyesha moja, lililotundikwa karibu na usukani. Lilikuwa la nahodha.

Ambakisye alikuwa amekwisha kuingia. Alichagua mahali pazuri pa watoto, ubavuni, chini ya turubai, karibu na tenga la kuku. Kisha akanyoosha mikono ampokee Lusajo, yule mdogo. Atuganile akamvuta mtoto nyuma.

"Baba Ikupa," alisema, "ulimpunguza mama, nikanyamaza. Sasa umefika kwa watoto."

Hakupaza sauti, lakini waliokuwa wameketi juu ya saruji waligeuka wote kutazama. Damu ilimpanda Ambakisye usoni. Alisema nyumba imekwisha kulipiwa. Alisema watu huvuka hivyo kila siku. Mkewe alibaki amesimama kwenye mvua, mtoto mmoja mkono huu na mwingine mkono ule. Ambakisye akaona kwamba akiketi, watamfuata. Akaketi. Kamba ikafunguliwa, naye bado alikuwa akingoja kuitwa. Pwani ikaanza kurudi nyuma. Hakuna aliyemwita.

Walipotoka kwenye ghuba, mawimbi yakawapokea. Mvua iliwapiga usoni, na ile bahari aliyoitamani miaka yote ikawa ukuta wa kijivu unaoinuka na kuanguka. Kisha injini ikakohoa, ikazima. Boti ikageuka, ikayapa mawimbi ubavu. Nahodha akaamuru saruji itupwe, na kila mwenye mikono akatupa. Ambakisye alikuwa ameinama akinyanyua mfuko wakati wimbi lilipopanda juu ya boti. Lilipopita, aliinua kichwa akatazama mahali alipowachagulia watoto. Turubai halikuwapo. Tenga la kuku halikuwapo. Kilichobaki ni kipande cha kamba lilichofungiwa, kikipigapiga ubao.

Aliutua mfuko. Watu walimfokea atupe, lakini hakuwasikia. Midomo yake ilikuwa ikitaja majina ya wanawe, naye hakujua kama anayataja.

Injini ikawaka tena, nao wakafika. Mwanamke mtunza nyumba alikuwa ametandika vitanda na kupika wali na samaki. Alipanga sahani nne, akauliza wenzake wako nyuma kiasi gani. Ambakisye akaenda barazani. Mvua ikakatika, jua likatoka, na bahari mbele ya baraza ikawa ya buluu na kijani, tulivu, vile vile alivyokuwa ameahidiwa. Aliketi akiitazama, chakula kikapoa mbele yake. Hakuna aliyemdanganya. Kila alichokilipia kilikuwapo.

Kesho yake alipanda meli ya abiria kurudi, wala hakuuliza bei. Aliwakuta mkewe na watoto katika nyumba ya wageni karibu na bandari. Atuganile alikuwa akifua. Ambakisye akasimama mbele yake, akaanza kumweleza habari za injini, na za mifuko, na za lile wimbi. Mkewe akakamua nguo iliyokuwa mkononi.

"Tuliitazama ile boti," alisema, "mpaka ikapotea kwenye mvua."

Ambakisye akachutama, akamnyooshea mikono Ikupa, yule mkubwa. Mtoto yule, ambaye huko nyumbani alikuwa akimkimbilia kila jioni hata kabla hajavua viatu, alimtazama mama yake kwanza.

Nanyi mliokaa hapa mkipanga safari zenu, mkiondoa hiki na kubakiza kile, kila mmoja kwa akili yake njema: je, kabla hamjaanza kupunguza, mmekwisha kusema ni kitu gani hakitaguswa?