Mashavu na Vidole vya Raya

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kivivu. Na nyinyi wakubwa mlioegemea ukuta ndio kabisa, hata midomo hamkufungua. Mnadhani ngano ni ya watoto, na hii ya leo inawahusu nyinyi. Haya, mara ya pili. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Zamani za kale hizo, wanyama walipokuwa wakioana na kuachana kama sisi, palikuwa na tumbili jike, jina lake Mashavu. Alikaa kilimani, kwenye migunga. Mgunga mnaujua, mti wa miiba mirefu, myeupe. Mashavu alikuwa na mume, Faki. Wakakaa, wakakaa, wakagombana, wakaachana. Faki akahamia mtoni kwenye mikuyu. Kule kuna kivuli, kuna matunda, na mwiba huupati hata wa dawa. Kule kule akaoa mke mwingine, Raya.

Mashavu na Faki walikuwa na mtoto mmoja, binti, jina lake Kidawa. Wakapatana. Mwezi ukiandama, Kidawa yuko kilimani kwa mama. Mwezi ukiwa mpevu, yuko mtoni kwa baba. Mambo mazuri, kwa mdomo.

Sasa tumbili, kama hamjui, mapenzi yao yako vidoleni. Anayekupenda hukukalisha mbele yake, akakuchambua manyoya. Chawa huyu, tupa. Kupe huyu, tupa. Mtoto husinzia, na mama mwenyewe roho humtulia.

Siku ya kwanza Kidawa kurudi kutoka mtoni, Mashavu akamkalisha. Akapekua kisogoni, hamna kitu. Akapekua mgongoni, hamna kitu. Akapekua mpaka mkiani, hamna kitu. Manyoya safi, yanateleza, yananukia majani ya mtoni.

"Nani kakuchambua?" akauliza.

"Mama Raya," akasema Kidawa. "Ana vidole vyembamba, mama. Hata husikii anapokugusa."

Mashavu akatazama vidole vyake. Vinene, vigumu, vidole vya kupandia migunga. Roho ikamchoma. Mama Raya? Tangu lini huyo akawa mama? Alimzaa lini?

Akafanya nini? Msicheke. Akamshika Kidawa, akambingirisha vumbini. Biri, biri, biri! Huku ubavu, huku mgongo, huku tumbo. Kisha akamkalisha tena, akaanza kumchambua upya. Chembe hii ya mchanga, tupa. Jani hili, tupa. Hapo ndipo moyo wake ulipotulia kidogo.

Na kila Kidawa aliporudi, mambo yakawa yale yale. Vumbini, biri, biri, biri. Hata siku ya kuhama alikwenda na vumbi lake, maana vidole vile vinene havikulimaliza.

Faki akamwona. "Mtoto gani huyu, mchafu hivi? Kamwambie mama yako, kama kazi imemshinda aseme."

Kidawa akapanda na maneno kilimani.

Mashavu akayasikia, akavimba. "Kamwambie baba yako, mimi ndiye niliyemchambua yeye miaka yote, na shukrani yake ndiyo hii."

Kidawa akashuka na maneno mtoni.

Ikawa hivyo. Mtoto anapanda na maneno, anashuka na maneno. Kila akifikisha neno, mkubwa mmoja ananuna. Na maswali je? Maswali yalikuwa hayaishi. Mashavu humweka kitako, anamhoji. Raya alikulaza wapi? Baba yako alicheka naye? Walikula nini? Walikutaja? Walinitaja? Kidawa akisema walicheka, mama analia. Akisema hawakucheka, mama anachekelea, na hilo likamtisha mtoto zaidi kuliko kulia.

Basi Kidawa akapata akili yake ya kitoto. Akanyamaza. Ukimuuliza, "Sijui." Ukimuuliza tena, "Sikumbuki." Na kuchambuliwa akakukataa. Mtoni Raya akimwita, "Njoo nikutazame kichwa," anasema, "Mama keshanichambua." Kilimani mama akimwita, anasema, "Nimejichambua mwenyewe." Akawa hivyo. Mtoto mdogo, ana mama, ana baba, ana mama wa kambo, na hana anayemgusa.

Kukapita siku. Asubuhi moja kilimani, Mashavu akamwona Kidawa anatembea. Chechee, pu. Chechee, pu. Anachechemea.

Mnajua moyo wake ulifanya nini? Ulifurahi. Ndiyo, mama mzazi, mtoto wa tumbo lake. Kidawa alikuwa ametoka mtoni jana yake tu. Mashavu aliona ushahidi kabla hajauona mguu. Akasema moyoni, wamemuumiza, leo nimewapata, na yule Raya na vidole vyake.

Wala hakuinama kumtazama. Akambeba mgongoni, huyoo, mbio mpaka kwa Mfalme Simba. Njiani akampitia Kunguru awe shahidi. Kunguru hakuwa ameona kitu, lakini alipewa ndizi, na kwa ndizi alikuwa tayari kuona chochote.

Mlangoni kwa mfalme alisimama Ngiri, bawabu.

"Una shida gani?" akauliza Ngiri.

"Nataka hukumu," akasema Mashavu. "Nataka mtoto huyu asikanyage mtoni mpaka nakufa. Asimwone Raya, asimtaje Raya."

"Hiyo si ya hapa," akasema Ngiri. "Mzazi akigombana na mzazi mwenzake, haji kwa Simba. Nenda nyumba ile ya nyasi, kwa Bi Nguchiro. Mfalme kaiweka kwa ajili ya wote, mkubwa na mdogo, na hutoi chochote. Mimi nitawaita wa mtoni."

"Nguchiro? Yule wa kufukua mende?"

"Huyo huyo."

Mashavu akaenda, shingo upande. Alitaka Simba angurume, Raya atetemeke, yeye atazame. Sasa anapelekwa kwa nguchiro.

Faki na Raya wakaja. Bi Nguchiro akawapokea mlangoni, mdogo, macho mekundu, mkia chini. Akawakalisha wote mstari mmoja, wakimtazama yeye, si wao kwa wao. Kidawa akamkalisha mbele, karibu naye. Kisha akamwona Kunguru na ndizi zake.

"Na wewe nani?"

"Shahidi," akasema Kunguru.

"Hapa hakuna kesi, baba. Ndizi zako kale nje."

Kunguru akatoka akinung'unika. Mashavu akaanza. Alikuwa keshayapanga maneno yake, na aliyamwaga yote. Raya hivi, Raya vile. Kaniibia mume, sasa ananiibia mtoto. Mguu wa mwanangu wameuvunja. Alisema mpaka koo likakauka.

"Haya, hukumu," akamaliza.

"Mimi sihukumu," akasema Bi Nguchiro.

"Kumbe unafanya nini?"

"Nauliza. Mtoto analala wapi?"

Wakajibu. Kilimani analala panda ya mti, kando ya mama. Mtoni analala tawi la chini, kati ya baba na Raya. Mashavu aliposikia "kati," akamkata Raya jicho.

"Anakula nini?"

Wakajibu, hapo wakazozana kidogo. Bi Nguchiro akawaacha wazozane mpaka wakachoka.

"Anaumwa wapi?"

"Mguu," akasema Mashavu. "Si nimeshasema?"

"Mguu upi?"

"Wa kulia," akasema Mashavu.

"Wa kushoto," akasema Faki, papo hapo.

Wakatazamana. Bi Nguchiro akamgeukia Raya. Raya akainamisha kichwa.

"Mimi sijui," akasema. "Siku nyingi hataki nimguse. Nilidhani mama yake kamkataza."

"Mimi?" akasema Mashavu. "Mimi nilidhani wewe ndiye..."



"Basi tumtazame," akasema Bi Nguchiro. "Kidawa, mwanangu, hatukuulizi nani, wala hatukuulizi wapi. Tuoneshe mguu tu."

Kidawa akaikunja miguu yote miwili chini ya mkia wake, akaikalia.

"Sitaki," akasema. "Mkiona mtagombana."

Nyinyi mnaosikiliza, mmesikia mtoto alivyosema? Basi na wao walisikia. Faki akatazama chini. Raya akajifuta macho. Na Mashavu, aliyekuja na hasira za kumeza watu, hasira zote zikamtoka akabaki mtupu.

Akasogea kwa magoti mpaka kwa mtoto. "Nipe mimi nitazame," akasema. "Sisemi kitu."

Kidawa akamtazama usoni muda mrefu. Kisha akautoa mguu. Ulikuwa wa kushoto. Umevimba, una moto, unanuka. Wekundu umeshapanda mpaka gotini. Na katikati ya unyayo, ndani kabisa, inaonekana ncha ya kitu cheupe.

Mashavu akakijua. Nani asiyejua miiba ya kwao? Ulikuwa mwiba wa mgunga, na mtoni hakuna mgunga. Mtoto alichomwa kilimani, kwa mama yake, tangu mwezi uliopita. Akashuka nao mtoni, akaishi nao, akarudi nao. Hakusema kule wala huku.

Na aliyeuona mwiba ni Mashavu peke yake. Faki na Raya walikuwa nyuma ya mgongo wake, na Bi Nguchiro pale pembeni aliona goti tu. Wivu ukamnong'oneza. Ung'oe upesi, uumeze, nani atajua? Faki atabaki na lawama. Raya atabaki na aibu. Mtoto atakuwa wako mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kila alichokuja kukitaka kilikuwa hapo mkononi mwake.

Akajaribu kuuvuta. Vidole havikuingia. Akajaribu tena. Mwiba ukateleza, ukazama zaidi. Kidawa akauma mdomo, hakulia. Mtoto yule alikuwa amesahau hata kulia.

"Upesi," akasema Bi Nguchiro. "Huo wekundu ukipita goti, mtoto hatumpati tena. Nimeshazika wa namna hiyo."

Mashavu akatazama vidole vyake vinene. Alijua vidole gani vingeingia pale. Alivichukia vidole hivyo usiku na mchana, alivijua kuliko vyake. Lakini mwenye vidole hivyo akija, atauona mwiba, na akiuona atajua wa wapi.

"Raya," akasema.

Jina lenyewe lilimtoka kwa shida, kama mtu anayetapika.

"Njoo wewe. Vyangu haviingii. Na huu mwiba ni wa mgunga. Kachomwa kwangu. Nilikuwa naye siku zote hizo na sikuuona."

Faki akafungua mdomo. "Si nilisema mimi, huyu mwanamke..."

Bi Nguchiro akamtazama. Faki akaufunga.

Raya akaja. Akapiga magoti ubavuni kwa Mashavu, bega kwa bega. "Nishikie mguu, dada," akasema, "usicheze."

Mashavu akaushika. Raya akaingiza vidole, polepole, polepole, akabana. Akavuta. Pwaa! Usaha ukaruka, mwiba ukatoka, mrefu huo.

Kidawa akalia. Alilia kilio cha siku zote alizonyamaza, mpaka Kunguru nje akaacha ndizi zake. Akamkumbatia mama yake kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa umeng'ang'ania manyoya ya Raya. Mashavu aliuona mkono ule. Ulimuuma, nisiwadanganye. Hakuubandua.

Mtoto alipotulia, Bi Nguchiro akasema, "Bado hatujamaliza. Kuanzia leo mtoto habebi maneno. Mwenye neno na mwenzake aje nalo hapa, mlango hauna komeo. Na siku ya kuhama mkutane njiani, mumtazame pamoja, kichwa mpaka unyayo, ndipo apokelewe. Mtaweza?"

"Tutajaribu," akasema Faki.

"Na wewe?"

"Naona wivu," akasema Mashavu. "Hilo silifichi. Siwezi kumwona anampenda mwingine."

"Lete wivu wako hapa," akasema Bi Nguchiro. "Ukae nao na mimi. Usimbebeshe mtoto."

Basi wakawa wanakwenda. Leo wamepatana, kesho wamegombana mle mle ndani, na Bi Nguchiro anawasikiliza, ndiyo kazi yake. Mguu ukapona. Kovu likabaki, lakini mtoto anakimbia.

Siku moja Kidawa yuko kilimani, katoka mtoni jana yake, anacheza. Akasahau, akasema, "Mama, jana mama Raya..." Akashtuka. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akamtazama mama yake usoni.

Mashavu roho ikamchoma, pale pale, kama siku ya kwanza.

"Ehe," akasema. "Mama Raya kafanyaje?"

Kidawa akaondoa mkono mmoja. Akaondoa na wa pili. Akasema jana mama Raya alianguka mtoni, chubwi, na baba alicheka mpaka akaanguka naye. Akasema na mengine. Alisema, alisema, alisema, mpaka usingizi ukamchukua yuko katikati ya neno.

Basi nyinyi wa ukutani, mafunzo yake ni haya. Mkiachana, achaneni nyinyi wawili, mtoto msimwachanishe na mtu anayempenda. Msimtume kubeba magomvi yenu. Na mkishindwa kusemezana, pa kusuluhishwa papo, nendeni mapema, mtoto hajaanza kuchechemea. Kwenda huko si aibu.

Hadithi yangu imeishia hapo, nimeitua. Wenye watoto waliosinzia, wabebeni taratibu.