Gurudumu la Mzee Shekuwe

Asikiaye la mkuu huvunjika guu.

Mnacheka, mnadhani aliyewaambia kateleza ulimi. Hakuteleza. Methali hii ilizaliwa karakanani, na mkunga wake alikuwa gurudumu.

Kule Mabokweni, katika karakana ya Mzee Shekuwe, alikuwapo fundi seremala aitwaye Sikujua. Kaka yake, Mbaruku, alifanya kazi hapohapo. Siku moja walipewa kazi ya toroli la kuteremshia mawe ya chokaa kutoka kilimani. Gurudumu lilikwisha kuchongwa, duara safi la mti mgumu. Lilibaki tundu la ekseli, nalo sharti liwe katikati kabisa.

Mzee Shekuwe alifumba jicho moja, akatia alama ya chaki. “Toboa hapa, Mbaruku.”

Sikujua hakuridhika na jicho. Aliulaza ubao ulionyooka kando ya gurudumu, ukaligusa mahali pamoja tu, bila kulikata. Penye mguso akaweka skwea, kile kipimo cha pembe mraba, akachora mstari wa kuingia ndani.

“Nikichora mwingine kutoka upande huu,” alisema, “mistari itakutana katikati.”

Mzee alicheka. “Huo ubao umebisha hodi tu mlangoni. Utajuaje kitanda kiko wapi?”

“Ubao haujui, Mzee. Skwea ndiyo inayojua. Penye mguso, pembe mraba huelekea moyoni mwa duara.”

“Nilianza kutoboa magurudumu mama yako hajavunja ungo.” Akaufuta mstari kwa kiganja.

Mbaruku alishika keekee. “Mdogo wangu, mkubwa hakosolewi,” alinong’ona, akatoboa penye chaki.

Toroli lilipopanda kilimani tupu, lilichechemea kidogo, watu wakalitania. Liliposhuka na mawe, Mbaruku akilizuia kwa mbele, gurudumu liliruka kama mbuzi kilema. Toroli likapinduka. Mawe yakamwangukia Mbaruku mguuni, muundi ukavunjika.

Kesho yake Mzee Shekuwe alimwita Sikujua mbele ya mafundi wote.

“Mguu wa kaka yako utaunga. Lakini wewe ulinibishia hadharani, na tangu hapo kazi ikaingia mkosi. Omba radhi, au kusanya vyombo vyako.”

Sikujua alilitwaa gurudumu lile, akalilaza sakafuni. Ubao, mguso, skwea, mstari. Akahamia upande wa pili: ubao, mguso, skwea, mstari. Mistari ikakutana vidole viwili kando ya tundu. Mafundi wakainama kutazama, mmoja akapima kwa kamba kutoka njia panda ile hadi ukingoni, huku na huku. Urefu ulikuwa uleule kila upande.

“Yawezekana,” alisema Mzee, sauti imeshuka. “Hata hivyo, mimi ni mkubwa wako. Radhi iko wapi?”

Sikujua alikuwa amekwisha kuanza kukusanya patasi zake.

“Kaka yangu alikusikia, Mzee, na sasa amelala na gango mguuni. Asikiaye la mkuu huvunjika guu. Radhi siombi.”