Kisima Kilichomngoja Mgeni Rasmi

Wahenga hawakuwa na saa za mkononi, lakini kuchelewa walikujua. Waliposema, "Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako," walimwonya yule awezaye kutenda jambo leo akaliahirisha hadi kesho, na kesho ikaja na mambo yake. Akina mama wa kijiji cha Mshikamano, si mbali na Kilangali, waliijua vizuri methali hiyo. Walikuwa hata wameidarizi kwenye vitambaa vya meza.

Kijiji chenyewe kilikuwa kichanga. Operesheni ya serikali ya kuhamishia watu vijijini ilikuwa imewateremsha watu kutoka milimani zilikokuwa chemchemi zao, ikawapanga bondeni kwa mistari kama mahindi, wakabaki na maji ya mto yenye rangi ya chai ya maziwa. Ndipo umoja wa akina mama ulipoamua kuchimba kisima kwa kujitolea, kila mama na binti yake. Mama alishuka shimoni na sururu, binti akabaki juu akivuta ndoo ya udongo. Aliyemwamini bintiye alichimba ameinama. Asiyemwamini alichimba akitazama juu.

Mwenyekiti wao alikuwa Bi Letisia, mwanamke mnyoofu kama rula. Binti yake, Costancia, alikuwa na ulimi unaowasha kama upupu.

Maji yalipatikana, tena matamu. Ukingo ukajengwa, mfuniko ukawekwa kufuli, na ufunguo Bi Letisia akauvaa shingoni. Kilichobaki ni mgeni rasmi kuja kutoka Kilosa mjini kukifungua. Wimbo ukatungwa, mbuzi akachaguliwa. Mgeni akaahirisha: gari bovu. Akaahirisha tena: kikao Morogoro.

"Mama, hivi hayo maji yenyewe yanajua kwamba yanamsubiri mtu?" Costancia aliuliza wakipepeta mchele.

"Nyamaza, mtoto wewe. Mambo ya serikali yana utaratibu."

"Yule mbuzi naye anaushukuru sana huo utaratibu."

Bi Letisia alicheka, ila ufunguo haukutoka shingoni.

Kisha kipindupindu kikaingia vijiji vya chini. Bwana afya alipita na baiskeli akionya kwamba asiyechemsha maji ya mto achimbe kaburi mapema. Mwamvua, jirani yao, akaja mbio.

"Mama Costancia, tufungulie! Tumechimba wenyewe. Huyo mgeni anakuja kufungua mdomo tu."

"Jumamosi anafika, dada yangu. Akikuta tumeshateka, tutaonekana hatuna adabu. Chemsheni."

Ijumaa mabinti walifyeka njia atakayopita mgeni. Jua liliwaka kama limetumwa. Costancia alirudi midomo imekauka, akakuta mtungi mtupu na maji ya kuchemsha bado yanatokota.

"Mama, nipe ufunguo. Kata moja tu."

Bi Letisia aliushika ufunguo, akauachia. "Nikikupa wewe, wenzako watasema mwenyekiti anapendelea wa kwake. Vumilia, mwanangu."

"Haya, Mwenyekiti. Shikamoo," alisema Costancia huku akipiga goti kwa mzaha. Akateremka mtoni.

Kabla hakujapambazuka vizuri, tumbo lilikuwa limemwendesha hadi macho yamezama na sauti imekatika. Bi Letisia alikimbilia kisimani bila viatu, akafungua kufuli, akateka, akarudi mbio maji yakimmwagikia.

"Kunywa, mama. Kunywa, haya hapa maji yako."

Costancia alimeza kidogo, yakarudi yote.

Trekta la shamba la mbegu liliwachukua kwenye tela lake, pamoja na Mwamvua, kuelekea hospitali. Hata kijiji cha Mabwerebwere, kilichokuwa njiani, hawakukifikia. Bi Letisia alikuwa amekishika kiganja cha bintiye, akakisikia kinapoa, akaendelea kukisugua kama anayewasha moto kwa kuni mbichi. Mwamvua ndiye aliyemwambia dereva ageuze.

Njiani kurudi, gari la serikali liliwapigia honi nyuma. Trekta likapisha. Walipofika kijijini, mgeni rasmi alikuwa amesimama peke yake uwanjani. Hakuna aliyeimba. Aliuliza kwa upole kisima kiko wapi, apate kukifungua.

"Kimeshafunguliwa, baba," alisema Bi Letisia kutoka juu ya tela, kichwa cha bintiye kikiwa mapajani mwake. "Nimekifungua mimi, leo asubuhi."

Mgeni alivua kofia. Hakukuwa na hotuba. Kweli, chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.